Muhuri wa Alhamisi ya Agosti

Bi Mireille mpendwa,

Nimesoma safu yako kwa miaka mingi nikiwacheka wanaokuandikia, na leo zamu ni yangu, nakuomba univumilie. Nina miaka sabini na mitano, nilizaliwa Goose Village, ile mitaa michache karibu na Daraja la Victoria ambayo jiji liliibomoa mwaka 1964, na Maonyesho ya Dunia yalipofunguliwa miaka mitatu baadaye marehemu baba yangu Nunzio, fundi wa mabehewa, alituketisha mezani akasema, "Sebule yangu wameigeuza maegesho ya mabasi ya maonyesho yao. Hakuna wa nyumba hii atakayekanyaga kule," akatuapisha mmoja mmoja.

Kaka yangu Rocco alikishika kiapo. Mimi, binti wa miaka kumi na minane, nilinunua pasipoti ya msimu, kile kijitabu cha kuingilia chenye picha ya mwenyewe ambacho kila banda la nchi liligonga muhuri wake, nikawa naaga asubuhi kwamba naenda kushona makoti kiwandani kwa Bi Tessier, na kweli nilikuwa nikienda, ila siku mbili kila juma nilikuwa visiwani kwenye maonyesho, na kando ya kila muhuri niliandika kwa penseli tarehe na saa, maana napenda usahihi tangu utotoni.

Alhamisi, Agosti 17, nilikuwa nimesimama kwa saa tatu kwenye foleni ya banda la Chekoslovakia, mara Pina, jirani yetu aliyeuza aiskrimu kule, akanijia mbio kutoka mtaani, hata aproni hajavaa.

"We Ersilia, toka hapo! Baba yako kaanguka, Rocco kanituma nikuite kiwandani!"

"Si kile kizunguzungu chake cha kila kiangazi," nikamwambia. "Wamebaki watu ishirini tu."

"Ishirini! Una wazimu? Ni baba yako!"

Nikaingia. Nilipotoka nikagongewa muhuri, nikaandika: saa tisa na dakika ishirini. Baba alikuwa amekata roho saa tisa kamili, akiuliza niko wapi, na kutoka pale hadi nyumbani ni dakika arobaini.

Nyumbani nilisema Pina alinikuta kiwandani ila Bi Tessier alinikatalia ruhusa ya kutoka, na Pina akanitunzia siri. Siku ya mazishi Rocco alimsimamisha Bi Tessier mlangoni mwa kanisa, akamwambia mbele ya watu, "Umemnyima baba yangu binti yake, mama. Usikanyage kaburi lake." Bi Tessier akanitazama mimi, akaondoka, na baada ya hapo akahamia parokia nyingine. Rocco humlaani mpaka leo.

Tangu wakati huo nimekusanya kila kilichobaki cha maonyesho yale, vijiko, beji, bilauri, ramani, hata Rocco hunitania, "Dada, wakikuuzia kisiwa chenyewe utakitia kabati gani?" Sasa Jumapili ijayo sisi wazee wa Goose Village tunaonyesha kumbukumbu zetu kwenye ukumbi wa kanisa, Rocco ndiye atakayekata utepe, na katibu wetu anataka pasipoti yangu ilale wazi katikati ya meza. Rocco hajawahi kuiona. Kifutio ninacho hapa. Nifute penseli ile, au niifiche nife nayo?

Ersilia

*

Ersilia,

Pole kwa kufiwa na baba. Imechelewa, lakini nadhani hujawahi kuipokea kwa moyo mweupe. Na msichana aliyebomolewa nyumba ana haki ya kwenda kuona imebomolewa kwa ajili ya nini. Kwa hilo sikulaumu hata kidogo.

Nakulaumu kwa Bi Tessier. Unaniuliza juu ya penseli, juu yake huniulizi kitu! Alikuwa na sentensi moja tu ya kusema pale kanisani, "Binti huyu Alhamisi hakuja kazini," akaimeza kwa sababu ulikuwa umefiwa. Wewe ukamwacha kaka yako amchukie miaka hamsini na saba. Una vijiko vya maonyesho kabati zima, mama, na kwa mwanamke huyo hukupeleka hata salamu.

Kifutio kitupe. Usimwache Rocco ayasome haya mbele ya watu, mkasi mkononi. Nenda jikoni kwake kabla ya Jumapili, kaa kitako, na uanze na Bi Tessier, siyo na baba. Atafoka. Atasema utepe ukate mwenyewe. Mwache aseme, na usijitetee kwamba ulikuwa mtoto. Kisha mwachie pasipoti, yeye ndiye aamue kama itafika mezani. Halafu mwulize katibu wenu kama Bi Tessier bado yu hai, au aliacha mtoto. Akipatikana, nendeni wote wawili.

Lakini kabla hujatoka nyumbani, chukua kalamu ya wino. Pita juu ya ile penseli, na chini yake andika saa ambayo Pina alikujia. Umeandika saa zote za kiangazi kile, Ersilia. Hiyo, ya kupima kama ungemwahi baba, hukuiandika, na hata mimi hukuniambia.

Mireille