Nimekataa Kumwomba Radhi Mtani Wangu

Nsemulwa, Mpanda
Septemba 1998

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Asalaam aleykum nyote hapo Kisarawe. Huo mguu unaendeleaje? Unaifunga ile dawa ya majani, au umeiacha kwa sababu inanuka? Mimi mwili mzima, sina homa, ila roho ndiyo inachemka, na nimeona niandike kabla haijapoa. Da Pili anayekusomea asiruke hata neno, hata pale nilipotukana.

Unakumbuka nilipopita nyumbani nikitokea kwenye mafunzo ya kompyuta Dar, ukaniuliza huko Mpanda kompyuta inalima nini? Sasa nikueleze. Kompyuta zetu za shirika zimeunganishwa na ofisi ya Dar kwa waya wa simu. Ndani yake mna programu ambayo watu wa kazi moja wanafunguliwa kikundi chao. Ukiandika neno mle, kila mwenye jina lake kwenye kikundi analisoma na anakujibu, hata kama hamjaonana wiki nzima. Ni baraza, ila watu wanakaa kwa zamu. Kuvifungua vikundi hivyo ndiyo kazi yangu. Nimefungua cha mbegu, cha magari, na cha mabwana shamba wanaokwenda kwenye makazi ya wakulima wenye asili ya Burundi. Jina la nani liingie, nani aandike, nani asome tu, yote yalikuwa mikononi mwangu. Nilikuwa najisikia, mama, sikufichi.

Mwanzoni watu waliviogopa. Bwana shamba anataka kuuliza tu gunia la mbegu limefika wapi, anaanza na "ninayo heshima kubwa kuwasilisha kwako". Ndipo Meneja akaniita. Meneja wetu ni Mnyamwezi wa Tabora, kwa hiyo kwetu Wazaramo ni mtani, na tangu nifike tulikuwa hatusalimiani ila kwa matusi. Akaniambia, "Wewe mla nazi, fungua kikundi kingine cha stori, watu wazoee kuandika. Kiwe chetu sisi wa Mpanda tu, mtu ajiachie." Nikamuuliza tena, "Wa Mpanda tu?" Akasema, "Wa Mpanda tu, au nikuchoree?" Nikakifungua, nikakiita Barazani. Weee! Kikachangamka kuliko vyote. Mpaka mlinzi alikuwa anakuja asubuhi tumsomee yaliyosemwa.

Basi mwezi uliopita akafariki baba yake Masanja. Masanja ni fundi wetu wa magari, Msukuma, wazee wake walihamia huku kijiji cha Kakese na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Mama, ungekuwa wewe ungefanya nini? Msukuma amefiwa, mtani wake Mzaramo yuko jirani! Nilijifunga khanga kiunoni nikaenda. Nikawakuta wanawake wamenyamaza, mjane kajiinamia, hajatia kitu mdomoni tangu msiba utokee. Nikaingia ndani nikachukua koti la marehemu na kofia yake na fimbo, nikatoka uani nikichechemea kama alivyokuwa anachechemea, nawaita ng'ombe kwa Kisukuma changu kibovu. Nikasema maiti haitoki mpaka nipewe dume, na kama hawana dume wanipe Masanja, ingawa nyama yake ngumu. Watu wakaangua kicheko huku machozi yanawatoka. Yule mjane akainua kichwa, akacheka, akasema, "Huyu mshenzi katokea wapi?" Halafu akaomba uji. Akaunywa wote. Shemeji yake akanishika mkono, akasema, "Ahsante mtani, sisi tulikuwa tumeshashindwa."

Tuliporudi ofisini Masanja alikuwa hasemi na mtu. Na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba utani wa msiba hauishii kaburini. Nikaingia Barazani nikamwandikia: "Masanja, punguza kulia, unawashtua ng'ombe wangu. Mzee kaniachia mimi ng'ombe wote, wewe kakuachia mikia. Na mpelekeeni michembe huko alikolala, asije akafa tena kwa njaa." Michembe ni vile viazi vitamu vyao vya kukausha, chakula wanachokipenda Wasukuma. Masanja akajibu: "Mzee alituusia Mzaramo asikae karibu na sanda, ataiuza anunue ngoma." Wenzetu wakadakia, mmoja hivi, mmoja vile. Jioni nilimsikia Masanja gereji anapiga mluzi. Nikasema alhamdulillahi, karudi.

Kumbe! Kumbe Meneja alishawaomba mafundi wa Dar wawafungulie wakubwa wa shirika walioko Ulaya vikundi vyote vya Mpanda, Barazani kikiwemo, waone jinsi anavyotuendesha vizuri. Hakuniambia. Mimi niliyevifungua, nisiambiwe nani kaongezwa! Ni sawa na mtu akualike uoge uani, halafu akawauzie watu nafasi kwenye ua. Wakubwa wakakuta maneno yangu, wakatafuta mtu wa kuwatafsiria neno kwa neno, na neno kwa neno, mama, mimi ni mnyama. Nimeshangilia kifo. Nimemdai mfiwa mali. Wakaleta amri: niandike pale pale Barazani, kwa Kiingereza, kumwomba radhi Masanja, nikiri kwamba nilimdhalilisha yeye na marehemu. La sivyo kazi sina.

Tukaitwa kwa Meneja, mimi na Masanja. Meneja akamuuliza, "Uliumia?"

Masanja akasema, "Bosi, ningeumia asingenitukana. Ningesema Wazaramo wamenisusa, baba yangu kafa kama mbwa."

"Mimi naelewa," Meneja akasema. "Ila wale hawaelewi."

Nikamwambia, "Kama unaelewa, waeleweshe. Kiingereza unacho."

Akaanza kupangapanga karatasi zake. "Sasa hayo mambo nitayaelezaje kwa Wazungu? Wataniona na mimi wa kijijini. Andika tu mistari miwili, Sikudhani, yaishe."

Yaishe! Mtu ambaye alipozikwa mama mkwe wake hapa mtaani Shanwe, mimi nililala mlangoni nikazuia jeneza, na yeye ndiye aliyekuja kunilipa kuku ili ninyanyuke, anacheka mpaka anashika mbavu! Mkataa kwao mtumwa, mama, na mimi nimemwona mtumwa akiwa amevaa tai.

Nje Masanja akanishika bega. Yule hana maneno mengi. Akasema, "Sikudhani, nyie Waswahili wepesi kuomba radhi, lakini hii usiniombe. Ukiniomba, maana yake haukuwa utani. Maana yake siku ile ulimtukana baba yangu kweli, na mama yangu alikunywa uji wa kutukaniwa mume. Mimi nitabaki na hilo. Kazi tutakusaidia kutafuta."

Nililala nayo hiyo, nikaamka nayo. Mshahara wangu unaujua unavyogawanywa, nisikudanganye kwamba sikuufikiria. Nilifikiria mguu wako. Nilifikiria ada ya wadogo zangu. Hata nikakaa mbele ya kompyuta nikaandika "I am sorry", nikaitazama. Nikamwona yule mjane alivyoinua kichwa. Nikafuta. Ijumaa nikamwambia Meneja hapana. Na asikudanganye mtu kwamba nilisema kwa adabu, nilisema mpaka wapita njia wakasimama.

Unajua alinijibu nini? Kwamba amri ni kunitoa kwanza kwenye vikundi vyote, na yeye hajui panapobonyezwa, eti nimwoneshe! Nikamwonesha. Ndiyo, mama, nilikaa pembeni yake kama mwalimu. Fungua hapa, chagua jina, hapana siyo hilo, hilo ni la Masanja, shuka chini, hilo, bonyeza. Jina langu likafutika kwenye kila kikundi nilichokifungua mimi mwenyewe.

Kwa hiyo mama, narudi. Napanda treni ya wiki ijayo, nikifika Dar nitalala kwa mjomba kisha nije. Watakaokuuliza mwanao kaiba nini, waambie kafukuzwa kwa kumlilia mtu vizuri. Masanja kanipa kuku na mchele wa Kakese nikuletee, na mama yake anakusalimu, anasema aliyenizaa hakukosea.

Nisalimie bibi mzaa baba, mwambie asife kabla sijafika. Nisalimie mjomba mwenye duka, na wadogo zangu wote, na shangazi ambaye alisema kompyuta zitanipofua macho, mwambie macho ninayo. Da Pili nakushukuru kwa kusoma, koo limekukauka.

Limebaki moja, mama, usiikunje barua. Jana nilipokwenda kuchukua vitu vyangu, Meneja alinifuata mpaka getini. Akatafuta kicheko akakipata kidogo, akasema, "Haya mla nazi, nenda zako, ngoma zinakungoja huko kwenu." Alitaka nimtukane. Alisimama pale anangoja, mama, mdomo wazi, kama mtu aliyenyoosha mkono wa salamu. Nikaweka mzigo chini, nikapiga goti kama kwa mtu baki, nikamwambia, "Shikamoo, baba." Akajua. Akalivuta geti, akalifunga.

Ni mimi mwanao asiyenyamaza,
Sikudhani