Hamira Imeingia, Wewe Umebaki Nje

Chumba cha nyuma,
Mtaa wa Kiwanda cha Mikate.
Jumapili, tarehe 9, mchana.

Mpendwa Baba Kijino,

Pokea salamu zangu na za wanao. Kifua chako kinaendeleaje? Uliandika kwamba baridi ya huko milimani, mkiwa juu ya nguzo za umeme, inakuingia mpaka kwenye mifupa. Lile sweta la kijivu livae ndani ya koti, usilifunge kiunoni kama pambo. Sisi hatujambo. Mgongo wangu unalalamika, lakini mtu akikanda unga tangu saa kumi alfajiri, mgongo lazima useme.

Kishindo, uliyemwacha tumboni, ametimiza miaka miwili. Mama mwenye nyumba anasema humjua kwa hatua zake kabla hajamwona.

Sasa nina jambo, na naomba ulisome ukiwa umekaa.

Darasani kwa Kijino wamefika kwenye sifa za viumbe hai. Mwalimu amewafundisha kuwa kiumbe hai hula, hupumua, hujongea, hukua, huhisi, huzaa na hutoa taka mwilini. Akawapa kazi: wachunguze nyumbani kwa wiki nzima, vyenye uhai waviandike upande mmoja wa daftari, visivyo na uhai upande wa pili. Basi mwanao akanifuata na daftari kila nilipokwenda, kama karani wa sensa. Mjusi wa jikoni akaandikwa. Kishindo akaandikwa siku ya kwanza, kwa ile sifa ya mwisho. Hata hamira iliingia. Nilikuja na donge la unga kutoka kazini, nikamwonyesha hamira inavyokula sukari na kutoa mapovu, unga ukaumuka mpaka ukainua sahani iliyofunika bakuli. Alikodoa macho kama anatazama mpira.

Juzi nikafungua daftari kuangalia kama amemaliza. Upande wa visivyo na uhai kaandika: kiti, sufuria, pasi, baba.

Kosa ni langu. Tangu uondoke, kila tukila huwa naiweka mezani ile picha yako ya kofia ya njano, ili wakuzoee. Wanakuamkia, tunakula, naipangusa, naipandisha kabatini. Nilidhani nawatunzia baba yao.

Nilimwuliza taratibu, maana niliona machozi yangu yako karibu.

"Mama, mwalimu kasema tuandike tulichoona, tusiandike tulichoambiwa. Baba hali. Hasogei. Ndevu zake ni zilezile."

"Mbona mwisho wa mwezi anaongea na wewe kwenye simu?"

"Hata redio inaongea, mama, na nimeiweka palepale na pasi."

Nikalifunga daftari. Kwa ubishi huo, hata ukimkana huyu mtoto hakuna atakayekuamini.

Nikaenda kumwona mwalimu. Hakumpa vema wala kosa, sehemu hiyo kaiacha wazi. Anasema mtoto kachunguza vizuri, ila hajapata cha kuchunguza. Amempa mpaka siku ya kufunga shule airudie.

Likizo yako umeiahirisha mara mbili. Mara ya kwanza nguzo zilianguka, ya pili ukamwachia mwenzako aliyekuwa anaoa. Nilikuelewa zote mbili, na maharusi nikawaombea. Safari hii sitaelewa. Zimebaki wiki tano. Usitume zawadi, usitume picha mpya. Njoo wewe.

Na nikwambie ukweli, si Kijino peke yake. Jana nikiwa kwenye tanuri nilijaribu kukumbuka huwa unapiga chafya mara tatu au nne, nikashindwa. Nilisimama pale mpaka mikate ikaanza kuungua. Upande wako wa kitanda naweka nguo za kukunja, usionekane mtupu, kisha nachelewa makusudi kuzikunja.

Picha nimeiondoa mezani. Usinune. Kiti chako nimekiacha.

Mama yako anakusalimu, magoti yamepoa kidogo. Dada yako fundi cherehani anauliza kama umenenepa, ana kitambaa cha suruali na hataki kukisia. Mama mwenye nyumba naye anakusalimu. Mungu aishike mikono yako huko juu isiteleze, akuteremshe salama, akuelekeze njia ya huku.

Ni mimi nikupendaye, na ninayekungoja,
Mama Kijino

Nyongeza: Hapo chini Kijino amekuchorea jedwali kwa rula. Anakula? Anapumua? Anajongea? Anakua? Mbele ya kila swali kuna kisanduku kitupu. Ameniagiza nikwambie usijaze. Urudi nalo hivyohivyo, atajaza mwenyewe ukiwa unakula.