Tivi ya Kumwona Shisia

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimekamua. Nimefungulia kuku. Chai nimekunywa bila sukari, Rispa, mke wa mwanangu, ameificha ati daktari alisema. Sasa nimekaa na hii simu. Unafinya hapa, unaongea, inashika. Kuandika mimi sikufunzwa, lakini mdomo ninao.

Nimeweka tena fulashi ya matanga ya mzee wangu. Inaingia kwa deki, deki inaingia kwa tivi, ile yangu ndogo ya tumbo nyuma. Picha inanyesha kama mvua. Mchungaji anaomba, wamama wa kanisa wanaimba, halafu kamera inageuka kwa fensi. Yuko pale. Kofia nyeupe. Kamba ya begi imepita kifuani. Anainua mkono kwa uso, anapangusa machozi. Kamera inaenda. Ningemshika huyo mtu wa video ningemchapa. Alikuwa anakimbilia wapi?

Ni Shisia. Kifungua mimba wangu. Alitoka hapa Malinya na kofia nyeupe na begi ya kamba, akaenda migodi ya dhahabu ya Tanzania, miaka sita sasa. Simu haishiki. Watu wanasema amekufa. Mimi namwonanga kila asubuhi akilia babake.

Kwa nini hakuingia? Najua. Aliona haya kurudi mikono mitupu. Hata akiwa mdogo akivunja kikombe alikuwa anasimamanga nje kwa fensi mpaka nimwite. Siku hiyo sikumwita. Sikumwona.

Nimemwambia Rispa peke yake, bibi ya Shisia. Alisema, inaweza kuwa yeye, mama.

Jana baada ya kanisa shemeji yangu Lihanda amekuja na maneno. Anataka tuzike mgomba. Huku kwetu mtu akipotea na mwili usionekane, mnakata mgomba, mnauzika kama yeye, mambo yanakwisha. Ati Rispa hawezi kukaa hivi, si mjane, si mke. Nimemwambia Lihanda akunywe chai aende.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimeenda Kakamega na Rispa. Goti lilikuwa linauma, nikaenda tu. Ile duka ya tivi karibu na soko. Zimepangwa kwa ukuta, zote zinaonyesha samaki moja, unaona mpaka magamba. Ungesema maji itakumwagikia.

Kijana wa duka ananijua sasa, ananiitanga kukhu, yaani nyanya. "Kukhu, umekuja tena kuangalia samaki yako? Bei imeshuka tena." Kweli imeshuka. Zamani hii ilikuwa kitu ya mwalimu mkuu na daktari. Sasa hata jirani yangu, mama wa kuuza visamaki vya omena, ameangika moja kwa ukuta wa matope. Sijui imekuwa aje. Sukari inapanda, unga inapanda, tivi inashuka.

Rispa akanivuta nguo. "Mama, tungoje kidogo, itashuka tena." Kila mara anasemanga hivyo. Krismasi alisema hivyo. Nikamsikiza. Tumenunua nyanya tukarudi.

Mtu atauliza kwa nini nisiende na fulashi kwa mama wa omena. Siendi. Mtoto wangu simwangalii kwa nyumba ya watu, wakitafuna.

Alhamisi, tarehe 20 Machi

Lihanda amerudi. Safari hii na wazee wawili. Sikupika kuku ya wageni. Nimewapa obusuma, ugali tu, na mboga.

Nimechoka kuficha. Nimewaambia, Shisia alikuja kumzika babake. Nikawasha. Wakasogea mpaka pua ikagusa kioo. Mzee mmoja akasema huyo anaweza kuwa mtu yeyote, hata mbuzi imesimama. Lihanda akamkanya. Kisha akaniambia, polepole, sauti kama ya kaka yake, "Shemeji, hii si mtu, hii ni kivuli. Tafuta mahali utuonyeshe vizuri. Pasaka ikiisha kama hujatuonyesha, tunakata mgomba."

Sawa. Nitawaonyesha.

Rispa alikuwa jikoni. Hakutoka.

Ijumaa, tarehe 21 Machi

Sijalala vizuri. Naogopa. Sijui naogopa nini.

Jumatatu, tarehe 7 Aprili

Nimeuza ndama. Ile yenye doa kwa paji la uso, mama yake amelia tangu asubuhi na mimi nimejifanya sisikii. Dukani Rispa alisema tena tungoje. Kijana wa duka mwenyewe akacheka, akamwambia, "Madam, ikishuka zaidi ya hapa tutakuwa tunawapatia bure." Nikatoa pesa kwa kitambaa.

Imekuja na bodaboda, imefungwa kama mgonjwa. Nimekaa nyuma nimeikumbatia njia yote. Watu wanapiga kelele, kukhu amekuwa tajiri.

Tumeitundika. Stima ikapotea hapo hapo. Nimeiangalia ikiwa nyeusi mpaka giza. Nimejiona mimi mwenyewe ndani yake, nimezeeka.

Jumanne, tarehe 8 Aprili

Stima imerudi. Lihanda amekuja. Hii mpya haitaki deki, fulashi inaingia kwa mgongo yake.

Nimeona mchungaji mpaka pengo ya jino. Nimeona udongo wa kaburi, mwekundu, na mizizi imekatwa ndani. Nimeona mzee wangu kwa sanduku. Walimnyoa vibaya, kidevuni waliacha. Mimi sikujua. Ningejua ningemnyoa mwenyewe.

Halafu fensi.

Si kamba ya begi. Ni waya ya stima imekunjwa, ameivaa begani. Si machozi. Ni kikombe, anakunywa. Uso mpana, ndevu. Ni yule kijana wa jenereta na spika. Anacheka.

Na mkono unampa kikombe uko na sweta ya kijani. Sweta ya Rispa.

Lihanda alitoa kofia akaishika.

Jumatano, tarehe 9 Aprili

Nimekamua tu. Kuku sijafungulia.

Jumamosi, tarehe 12 Aprili

Leo kuna vita vya ng'ombe kule uwanjani, ngoma ya isukuti inasikika mpaka hapa. Shisia alikuwa anapendanga hiyo kelele. Nimefunga dirisha.

Siku tatu sikuongea na Rispa. Nilikasirika sana. Alijua. Wakati wote alijua, na ananiambia tungoje, itashuka. Chakula akileta nageukia ukuta.

Leo ameingia akakaa chini, miguu ameinyosha, kama siku alikuja hapa kama bibi arusi. Akasema, "Mama, baada ya mzee kuzikwa ulikataa kula. Siku ulisema umemwona Shisia ulimaliza sahani. Sasa mimi ningesema nini?"

Nikamgeukia.

Akasema, "Na siku zingine nilikuwa naamini, hata mimi. Na ni mimi nilimpa huyo mtu chai."

Hapo nikamlilia Shisia. Rispa pia. Miaka sita sijawahi kuona huyu msichana akilia, nilikuwa nadhani ana moyo mgumu. Tulilia mpaka ng'ombe ikaita kukamuliwa.

Jumapili, tarehe 20 Aprili

Pasaka. Sikuenda kanisani. Nimemwambia Lihanda sawa.

Jumanne, tarehe 22 Aprili

Mgomba nimechagua mimi. Lihanda alikuwa anataka kukata ule wa karibu na choo, nikakataa. Nikaenda kwa ule Shisia alipanda mwenyewe. Nikasimama kando yake nikapima. Shisia ananipita kichwa. Wakakata hapo.

Rispa ameuvalisha shati ya Shisia, ile ya bluu. Vifungo amefunga vyote, hata cha shingoni, na Shisia hakuwa anafunganga cha shingoni. Nikakifungua.

Jana mtu wa video alipiga simu. Ati amesikia, ati siku hizi kamera zake ni safi kuliko zamani na bei iko chini. Nikamwambia hatutaki safi.

Tulizika mapema, watu wachache. Mvua ilinyesha kidogo. Nilimwita jina mara moja, nikiangalia kwa fensi. Nimezoea kuangalia huko. Hakukuwa na mtu.

Jumapili, tarehe 27 Aprili

Nimekamua. Mboga ya kunde imeota vizuri baada ya mvua.

Watoto wa jirani wamejaa kwa nyumba, wanaangalia mpira. Wacha waangalie. Rispa amefuma kitambaa cha kufunika hiyo tivi, cheupe, na maua pembeni. Ameanza kuongea juu ya kwenda kwao Khwisero kidogo, apumzike. Nimemwambia aende. Akitaka kukaa huko, akae. Nitabaki na kuku.

Mnunuzi wa vyuma alipita akiuliza ile tivi ndogo ya tumbo. Ati haina bei siku hizi, atanipa tu sabuni. Nilikuwa nimeitoa mpaka mlangoni. Nikairudisha.

Nimeiweka chini ya kitanda changu pamoja na deki. Siiwashi. Goti linauma nikiinama, lakini asubuhi nikifagia naifikia na ufagio, naigusa hivi, kidogo, halafu naendelea.