Matone Kwenye Michungwa ya Baba

S.L.P. 63,
Maseno.
3 Mei 1987

Mpendwa kaka Joram,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani huko Changamwe? Joto lile ulilolilalamikia limepungua? Na kikohozi je? Sisi tu wazima wa mwili, tunamshukuru Mungu. Mama anafika kanisani kila Jumapili na bado anaimba kwa sauti kuliko wasichana. Mvua imeshika, mahindi yanapendeza.

Barua hii nimeianza mara kadhaa nikaiacha. Hata sasa hivi nimeinuka kwenda kuchungulia nje bila sababu yoyote, nikarudi. Jambo lenyewe ni la nyumba yako, kwa hivyo nitalieleza kama lilivyotukia, nawe usome hadi mwisho kabla hujakasirika.

Mvua zilipoanza, ile michungwa aliyotuachia marehemu Baba ilichipua vizuri sana. Kisha majani yakaanza kutoa matone. Haukuwa umande, maana jua la saa sita halikuyakausha. Yalinata kama gundi. Ukipita chini ya miti, kitambaa cha kichwa kinashika majani. Mama akikaa pale kuchambua mboga, gauni linagandama kwenye kiti. Baadaye majani yakawa meusi kama yaliyopakwa masizi.

Unajua watu wetu. Baba hata hajamaliza mwaka kaburini. Mtu mmoja alisema miti inamlilia, na kufikia Jumapili kijiji kizima kilikuwa kikisema ni mzee mwenyewe analia. Walikuja kutazama, wakasimama mbali, wakaondoka bila kunywa chai. Mama akaacha kula vizuri.

Ndipo Baba Mdogo Obiero akauliza ni nani aliyeigusa miti hiyo tangu mazishi. Jibu lilijulikana. Ni mkeo Metrine, aliyekata matawi makavu mwezi wa Januari, na Mama mwenyewe ndiye aliyempa panga. Lakini siku hiyo, mbele ya watu, Mama alitazama chini. Baba Mdogo akasema mwanamke wa Bungoma hajui miiko yetu, au anaijua na ana lake jambo.

Metrine hakubishana. Aliusogelea mti, akachukua tone kwa kidole, akalilamba tukimwona sote.

"Machozi yana chumvi, Baba," akamwambia Baba Mdogo. "Hii ni tamu."

Kaka, nilidhani maneno hayo yangemaliza mambo. Kumbe yaliyachochea. Wakanong'ona kwamba hakuna mtu wa kulamba kitu kama kile ila yule aliyekiweka. Kesho yake Baba Mdogo alikuja na shoka akaukata mchungwa wa karibu na jiko, ule uliokuwa ukizaa kuliko yote. Metrine alisimama mlangoni, mwanao Amolo mgongoni, akatazama mpaka ulipoanguka. Kisha akaingia ndani akafunga nguo zake na za mtoto. Nilimsindikiza hadi barabarani nikimsihi. Hakulia, wala hakumtukana mtu. Alipanda gari la kwenda Luanda, ili huko aunganishe jingine la kwenda kwao Bungoma.

Nyumba ikawa kubwa ghafla. Sikuweza kukaa kitako. Nikirudi kutoka shuleni nazunguka tu uani, nashika hiki, naacha kile. Katika kuzunguka huko ndipo nikageuza jani moja. Chini yake palikuwa na vidudu vya rangi ya kahawia, vimejibandika kama magamba ya samaki, na sisimizi wanapanda na kushuka wakilamba utamu unaotoka kwa vidudu hivyo. Hayo ndiyo yaliyokuwa machozi ya Baba.

Nikakoroga sabuni ya kipande kwenye maji, nikaosha mti mmoja jani kwa jani kadiri mkono ulivyofika, nikamwaga majivu kuzunguka shina ili sisimizi wasipande. Nikafanya hivyo jioni baada ya jioni. Polepole matone yakakoma, na majani mapya yakatoka safi.

Nikamwita Mama nikamwekea jani mkononi. Alilitazama kwa muda mrefu, akabandua kidudu kimoja kwa ukucha. Halafu akauliza beseni liko wapi. Tangu hapo tunaosha miti pamoja. Baba Mdogo hupita njiani akijifanya hatuoni.

Wiki iliyopita Mama alifanya jambo ambalo sikulitarajia. Alivaa gauni lake la kanisa akafunga safari ya Bungoma peke yake, kwa wakwe, bila kualikwa. Mwenyewe unajua aibu ya jambo hilo kwetu. Aliporudi aliketi kitandani bila kuvua viatu, akanisimulia. Walimpokea kwa heshima, wakamchinjia kuku, na Amolo hakutaka kushuka mapajani mwake. Alimwomba Metrine msamaha mbele ya wazazi wake, na Metrine akapiga magoti akampokea. Lakini hakukubali kurudi naye.

Alimwambia hivi: "Mama, wewe umekuja, na moyo wangu umetulia juu yako. Maneno yalipoanza nilimwandikia Joram. Akanijibu niwatii wazee. Basi yeye ndiye aje."

Mimi sikujua kwamba alikuandikia. Mama naye hakujua. Hakuna kati yetu aliyekutetea, kaka, ingawa wote wawili tunakupenda.

Mama amekataa kukuandikia. Anasema lake amekwisha kulisema Bungoma. Kwa hivyo nasema mimi. Omba likizo. Treni ikikufikisha Kisumu, usije huku kwanza. Usije kusalimu wala kuona kaburi wala miti. Pitiliza hadi Bungoma.

Nisalimie Masinde unayekaa naye, na shangazi Nelima ukimwona huko Mombasa. Mama anakusalimu, hata kama amenuna. Mungu akufungulie njia na akulinde safarini.

Ni mimi dada yako nikupendaye, na leo nakupenda kwa ukali kidogo,

Lornah