Mwamba wa Shangazi Ulioutangaza Ugenini

Nshambya,
Bukoba.
17 Agosti 2025.

Mpendwa mdogo wangu Nathanieli,

Bwana Asifiwe. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, Annastella na watoto, na kwamba kiangazi chenu hicho kifupi kimewapa angalau jua la kuanikia nguo. Je, kikohozi cha mtoto mdogo kimepona? Mwambie mama yake asimwogeshe jioni.

Sisi huku hatujambo. Goti langu linanisumbua nikipanda mlima, lakini kanisani nafika na kwenye kwaya bado nimo. Kahawa tunaanika na kuanua, maana mvua za siku hizi hazina adabu. Mpwa wako Evelyne ameshachumbiwa rasmi. Kijana anaitwa Alexander, wa hapa kata ya Bakoba, mpole kupita kiasi, na harusi ni Desemba Mungu akipenda.

Usiikung'ute bahasha. Najua mazoea yako ya kuifungulia juu ya gazeti ili mmea usidondoke sakafuni. Safari hii hamna jani, hamna ua, hamna hata unyasi. Ni barua tupu, na sijasahau.

Mchezo huu wa barua uliuanzisha wewe. Ulikwenda Uswidi kusoma barua za wale wataalamu wa mimea wa karne ya kumi na nane, ukanogewa nazo mpaka ukataka na sisi tuwe kama wao: kila barua na mmea wake mkavu, mimi niokote, wewe utafute jina. Watu wa posta wananicheka, wanasema Mwalimu hajui kwamba simu ilishavumbuliwa. Lakini nilifurahi mno, Nathanieli. Baada ya miaka mingi ya kuchora sehemu za ua ubaoni kwa chaki, hatimaye kuna mtu aliyekuwa ananiuliza swali la kweli. Nilikuwa nakandamiza mimea chini ya godoro la Evelyne, naye akilalamika kwamba analazwa juu ya shamba.

Na hadithi zako nilizipenda. Mbegu zilizokaa melini miezi zikafika zimeoza. Mtaalamu aliyemkasirikia mwenzake akachukua gugu linalonata kwenye nguo akalipa jina la huyo mwenzake. Hiyo niliwasimulia wanafunzi wakacheka hadi kengele ikalia. Ukaniandikia pia habari za wale waliopewa mbegu na rafiki kwa siri, wakakimbilia kuzitangaza kabla ya mwenyewe. Ulisema elimu yao yote ilisimama juu ya kuaminiana kwa barua, na aliyevunja uaminifu hakuandikiwa tena. Maneno hayo ni yako. Ninayo hapa mezani kwa mwandiko wako.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana chai inapoa na hasira haipoi.

Nikukumbushe kidogo, kwa kuwa inaonekana huko kwenye baridi mambo ya nyumbani yanaganda. Ulipokuja likizo mwaka juzi, Shangazi Anatolia alitupandisha mimi na wewe kwenye rweya, ile mbuga ya majani juu ya Kimwani, mpaka kwenye mwamba wake. Nasema wake kwa sababu alionyeshwa na bibi, na bibi alionyeshwa na shangazi yake. Ndipo linapoota lile ua jeupe lenye madoa mekundu, ambalo binti wa nyumba yetu huwekewa chini ya mkeka siku anapoagwa kwenda kuolewa. Mimi niliwekewa. Wewe ulipiga magoti kwenye mawe na suruali yako nzuri, ukasema ni okidi, na kwamba hujaiona kwenye kitabu chochote.

Shangazi alikuruhusu uchukue mche mmoja, kwa sharti moja tu, kwamba mahali pale pasitajwe. Tuliporudi nyumbani akachukua akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, akaipasua punje moja, mbegu moja akakupa wewe, ya pili akanipa mimi. Ndivyo wazee walivyofanya walipofunga omukago, undugu wa kuchanjana, na aliyekula mbegu ile hakumgeuka mwenzake mpaka kaburini.

"Damu mnayo moja, waitu, wanangu, sina haja ya kuwachanja," alisema. "Tafuneni tu. Mwamba ule mama yangu hakuutaja hata kwa baba."

Ulitafuna. Ukasema, "Nimekubali, Ma." Nilikuwa nimekaa karibu yako na nilikusikia.

Mwezi wa kwanza mwaka huu ukatuma kwenye kundi la ukoo ile video ya mhadhara wako. Wote tukakupongeza. Nami niliandika hongera na maua matatu, bila kuifungua, kwa sababu ilikuwa ndefu na bando langu lilikuwa linakata roho.

Mwezi wa nne, mvua zikiwa zimekolea, walikuja wageni wawili na dereva. Penina, yule mama anayekata majani ya nyumba kule juu, aliwaona. Anasema hawakupita ofisi ya kijiji wala hawakumuuliza mtu njia. Walishuka garini, wakatazama simu, wakaenda moja kwa moja kwenye mwamba, na sisi wenyewe tuliozaliwa pale hupotea njia. Aliwaita, wakampungia mkono. Waliondoka na mifuko imejaa.

Nilipopata habari nilipanda na goti langu hili. Nilikuta mashimo, udongo umemwagwa juu ya mawe, na viazi vichache vya mizizi vilivyokatwa na jembe vimeanza kuoza. Nimerudi mara nyingine tangu hapo, nimekagua kila ufa. Halipo, Nathanieli. Wiki iliyopita uliniandikia ujumbe wa furaha tele, ukiniomba nikutumie ganda lenye mbegu kwa ajili ya kitabu chako. Hakuna cha kutuma.

Usiku ule wa kutoka mwambani ndipo nilipomwambia Evelyne anifungulie video yako. Ulipendeza, sikatai. Suti ya kijivu, miwani mipya. Ukawaonyesha lebo ya mmea wa karne ile, imeandikwa "Afrika" basi, ukumbi ukacheka. Kisha ukasema, tazameni tulikofika leo, ukaonyesha lebo yako. Kimwani, Muleba, na zile namba za ramani za kumfikisha mtu mpaka mlangoni. Na picha ya mwamba, na Shangazi amesimama kando yake na kitenge chake cha kanisani. Umesoma maisha yako yote habari za watu walioibiana mimea, ukajua kila hila yao, halafu ukaliacha geti wazi kwa ajili ya kupigiwa makofi!

Hayo ningeweza kuyaita kusahau. Wataalamu mna mazoea yenu. Mmea usio na mahali ulipotoka kwenu si kitu, nalijua hilo, nililifundisha. Lakini uliendelea. Ukawasimulia habari ya kahawa. Ukaigiza sauti ya Shangazi kwa Kiingereza, na shingo ukaipinda kama yeye. Wakacheka kuliko mwanzo. Evelyne aliniomba azime, nikamwambia aache mpaka mwisho.

Niliumia, na sina neno zuri zaidi la kutumia. Shangazi ndiye aliyekubeba mgongoni tangu mama afariki.

Sasa sikia kilichofuata huku. Kimwani nzima ilijua ni nani hupanda rweya na magazeti na mbao mbili za kukaushia majani, na ni nani hupeleka bahasha posta. Ikawa Mwalimu wa Bukoba ameuza ua la ukoo kwa Wazungu. Penina, ambaye niliwafundisha wanawe bure, alinipita kisimani akasema kwa sauti, "Kikulacho ki nguoni mwako." Ningejibu nini bila kukutaja?

Mwezi wa sita tukakutana kwa Shangazi kupanga mambo ya Evelyne. Nyumba imejaa, wakwe watarajiwa wapo. Kikapu cha kahawa kikaanza kuzunguka kama desturi, kila mgeni anachukua punje zake. Kilipofika kwangu, Shangazi akanyanyuka mwenyewe, mtu ambaye siku hizi hanyanyuki bila kushikwa, akakichukua mikononi mwa binti aliyekuwa anakipitisha, akampelekea aliyekaa baada yangu. Unajua maana yake. Kwetu hata mgeni usiyemjua hanyimwi kahawa. Nilikaa pale kiganja changu kimefunguka, mama wa bibi harusi mtarajiwa, na Alexander anatazama chini kwa haya.

Nilivumilia siku zile zote kwa ajili yako. Nilijisemea kwamba Shangazi hajui Kiingereza, hana simu ya kuonea video, na wewe ndiye mboni ya jicho lake. Nikimwambia ukweli nitamuua. Nikaubeba mzigo. Jana Jumamosi ukanishinda. Nikaenda Kimwani, nikamkuta anachambua maharage, nikakaa chini nikamwambia, "Shangazi, si mimi niliyeutaja mwamba."

Hakuacha kuchambua. Akasema, "Najua."

Kumbe Ta Byabato, mzee wa kanisa, alimwonyesha video yako tangu mwezi ule ule wa kwanza, kwa nia njema, akimwambia mwanao anafundisha Ulaya. Kiingereza hakukielewa hata neno moja. "Niliuona mwamba wangu," aliniambia. "Nikajiona na mimi. Kisha nikamwona Nathanieli anapinda shingo, nikasikia jina langu, na watu wakacheka. Nikamwambia Byabato azime, nimechoka macho."

Alijua, Nathanieli. Alijua kabla wale wachimbaji hawajapanda ndege. Alijua siku aliyoninyima kikapu mbele ya wakwe zangu.

Nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kumwonyesha mtu mzima. Nilimuuliza kosa langu ni nini basi. Akauweka ungo chini.

"Nimfanyeje, Violeth? Yule yuko mbali. Akijua kwamba najua, ataona haya, na mtu mwenye haya harudi nyumbani. Nani atanizika? Wewe utanuna, utalia, kesho utakuja tena kunifulia. Nilitaka mtu wa kumkasirikia, na aliye karibu ni wewe."

Aliyasema bila ukali, kama anayenieleza bei ya chumvi. Kisha akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo, akaniapisha nisikwambie kamwe. Watu waendelee kusema ni mimi, alisema. Akaniambia, "Wewe una mabega." Nikaapa, maana ni mzee na alikuwa analia. Nililia na mimi njia nzima mpaka Muleba mjini, na sikujua nimkasirikie nani kwanza. Wewe ulinigeuka kwa makofi, yeye kwa mapenzi, na mapenzi yenyewe si yangu, ni yako.

Basi nimeapa Jumamosi, na leo Jumapili baada ya ibada nimekuandikia. Usinisifu kwa kusema kweli. Nimepewa siri na mtu yule yule, nami nimeitoboa, tofauti ni kwamba mimi sikumchekesha mtu. Nimeshindwa kuwa na mabega aliyoyasema. Nimechoka kupitwa na kikapu kwa ajili ya mtu ambaye hajui hata kama kuna deni.

Msalimie sana Annastella, hana kosa katika haya, na watoto wote. Evelyne anakusalimu, nilimwambia akuandikie mwenyewe akakataa, mpe muda. Ta Byabato anakusalimu pia, na kila akiniona ananiuliza mhadhara mwingine utatoka lini. Mungu awalinde katika nchi ya watu, akupe macho ya kuona ulipoacha geti wazi.

Harusi ni tarehe ishirini Desemba. Shangazi amesharuhusu chumba chako kipakwe chokaa. Anaamini kwamba ukijua anajua, hutarudi tena.

Sasa unajua.

Ni mimi dada yako, ambaye bado anakupenda, na hilo ndilo linalomuuma,

Violeth