Eda ya Mke wa Mjumbe

Jumatatu, 15 Septemba 2003

Leo kaja fundi wa magari kutoka mtaa wa Ghala. Anamtaka Bakhit, mume wangu, akawasemee kule barazani, Majlis Shura, maji hayawafikii. Hakujua kuwa kafa. Binti yangu Aliya ndiye aliyemwambia. Yule bwana akakaa kizingitini akalia! Mimi nilimsikia tu, nyuma ya mlango. Sijalia bado. Nasali, nala, nalala. Basi.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimemuomba shemegi yangu Khattab anipeleke Wadi Kabir nikalione duka letu. Tulianza pale na majora mawili ya kitambaa, mimi nikikata, Bakhit akiuza. Hata alipokuwa mjumbe, akitoka kwenye kikao anarudi kaunta, kanzu yake ile ile.

Khattab kaja juu. "Uko eda, shemegi! Watu watasema nini?" Ufunguo wa duka anao yeye. Sina hata nguvu ya kubishana.

Alhamisi, 2 Oktoba

Khattab kaja na halua. Anagombea kiti cha kaka yake. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, tunapiga kura sote, na Bakhit alikwenda kuniandikisha mwenyewe kabla hajafa. Watu wakiniona mimi nimekwenda, anasema, wote watamfuata yeye. Na eda? Ati kamuuliza sheikh, kutoka mchana kwa dharura hakuna ubaya. Kumbe!

"Haya," nikasema. Halua sikuila.

Jumamosi, 4 Oktoba

Khattab kamtuma dereva wake aje kunichukua, Raymond, kijana wa Mbeya. Nikamwambia tupite kwanza Wadi Kabir.

"Bosi amesema twende moja kwa moja shuleni kwenye kura, mama."

"Wewe pita, baba. Nna haja huko."

Duka lipo. Kibao kipya. Jina la Bakhit halipo — Khattab peke yake, kwa herufi kubwa! Nikasimama juani, machozi yakaja. Yote, kwa mara moja. Uchungu huu nilidhani sinao.

Raymond kanifungulia mlango wa gari. "Nikurudishe nyumbani, mama?"

"Hapana. Twende nikapige kura."

Naandika kwenye foleni ya wanawake, daftari juu ya mkoba. Kule upande wa wanaume Khattab ananionyesha kwa watu: yule pale mjane wa kaka yangu. Kanipungia mkono. Na mimi nikampungia; kura yangu hataiona. Mbele yangu kabaki mmoja —