Mlango wa Nyuma wa Gari la Baba Mkwe

Mpendwa mshauri, nakuandikia mikono ikinuka gundi, naomba unijibu kabla ya Jumamosi.

Mimi ni mwalimu, mzaliwa wa Singida, nafundisha hapa Kitangari na nimeoa hapa hapa, mke wangu ni Theodora, na baba yake, mzee Yeremia, alipigana vita vya Kagera, na tangu tuoane Theodora ananiambia baba alikuwa dereva wa gari la deraya, yale ya chuma ya kubebea askari, basi nikasema nitamtengenezea dogo la kukaa mezani, na nimelihangaikia miezi mitano, bodi ni bati la makopo ya maziwa, matairi ni soli za kandambili, ribiti za kushikia bati ni vichwa vya pini, picha za magari hayo nazikuza kwenye simu mpaka macho yanauma.

Sasa pichani dereva anaingilia juu, mbele, lakini kila nikimtuma Theodora amuulize baba mambo ya mbele, usukani ukoje, viti vingapi, jibu ni moja, hakumbuki, na juzi alipomwonyesha picha ya kazi yangu mzee aliitazama sana, akauliza, "Huo mlango wa nyuma unafunguka?" akaingia ndani, chai akaiacha. Mshauri, dereva gani hajui usukani wake? Naogopa mzee hakuendesha kitu, na kibao nimeshaandika "Dereva Yeremia", Jumamosi namkabidhi mbele ya ndugu wanaokuja kutoka Mnyambe na Chidya, yumo mjomba Fortunatus, mwanajeshi mstaafu asiyejua kunyamaza, ataanza maswali mbele za watu, mzee ataaibika na mimi ndiye nitakuwa nimemwaibisha, na kumuuliza mwenyewe siwezi, ni mkwe, namwamkia shikamoo, anaitika marahaba, napita, miaka sita sasa. Usingizi sina. Nilivunje, niseme limeanguka?

Mwalimu, Kitangari

JIBU

Mwalimu, pole sana, na hiyo nyundo iweke chini.

Isome tena barua yako. Neno "dereva" limetoka kinywani mwa nani? Theodora, ambaye huenda alilitunga akiwa mtoto wa kujisifia baba. Mzee mwenyewe katika barua nzima, ukiacha kutokumbuka, kasema jambo moja tu, nalo ni la mlango wa nyuma. Wewe unayehesabu vichwa vya pini hilo hukuliona? Askari waliobebwa walikaa nyuma, mwalimu. Kilichompata huko sikijui, na wewe hukijui, lakini mtu anayeacha chai yake kwa ajili ya mlango si mwongo wa kuviziwa.

Tena alikuuliza swali na hukumjibu! Najua mlango umeugandisha kwa gundi.

Heshima ya mkwe naifahamu, nami nina wakwe. Haikukatazi kumjibu mtu aliyekuuliza. Kibao king'oe leo. Kata gundi taratibu, tia bawaba, hata ya waya, mlango ufunguke na kufungwa. Ijumaa nenda na Theodora, wageni hawajafika, uliweke gari mbele ya mzee, nyuma ikimwelekea yeye. Asipotaka lionekane Jumamosi, likae kabatini, na Fortunatus ale wali wake.

Usimuulize usukani. Mwambie, "Shikamoo baba. Unafunguka." Kisha nyamaza, na usiufungue wewe.